Nukta Kumi na Mbili Katikati ya Mikoko

Juzi waliniita Kibiti nikazungumze na viongozi wapya wa timu za nyumba kwa nyumba. Mada waliiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi: mbinu za vitendo za kuongoza timu yako vizuri. Niliisoma nikiwa jikoni nakuna nazi, nikacheka peke yangu mpaka mbuzi ikayumba. Mimi? Ningekuwa na haya ningewaambia watafute mtu mwingine. Lakini nilikwenda, nimevaa baibui jipya, nikasema yale yanayosemwa kila siku: wasikilize watu wako, wahi kazini, sifia hadharani, kosoa faraghani. Wakaandika. Hapa nataka kusema yale ambayo ukumbini niliyasema nusu.

Nianze na tabia yangu, maana ndiyo iliyonifikisha pale. Mimi si mtu wa kuamini watu. Nimekulia Kibiti, pale pale barabarani, mama yangu akiuza maandazi kwa abiria, na mtoto aliyekulia stendi anajua mapema kwamba anayekuchekea sana ana lake. Mtu akinisalimia vizuri kupita kiasi, moyoni najiuliza anataka nini. Samaki namfunua mashavu mwenyewe hata kama muuzaji ni shangazi yangu, na shangazi ameshanitukana kwa hilo mara nyingi tu. Nilipopewa timu, niliamini hasa kwamba nimepewa kwa sababu ya hiyo tabia. Wameona huyu dada hadanganyiki! Basi nikaingia kazini nikiwa nimeshakunja uso.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mradi wa afya: kupita kila kaya, kuuliza kuhusu vyandarua, vyoo na maji ya kunywa. Kila mmoja alikuwa na kishikwambi. Ukifungua fomu, kile kishikwambi kinaandika chenyewe umesimama wapi, na jioni mimi kiongozi nikifungua ramani naona nukta nyekundu, kila fomu na nukta yake. Timu tulikuwa watatu, nami nikiwemo.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, mzaliwa wa delta ya Rufiji. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa kujitolea: anapima watoto uzito, anawafuata wajawazito kwa mtumbwi, na hakuna aliyewahi kumpa hata karatasi ya kusema yeye ni nani. Mradi wetu ndio uliompa kitambulisho cha kwanza maishani, chenye picha yake na utepe wa buluu. Alikitia kwenye nailoni kisiingie maji. Utepe aliufua kila Ijumaa. Sokoni alikwenda nacho, msibani alikwenda nacho. "Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "miaka yote naingia majumbani kwa watu kama mwizi mwenye nia njema. Leo ndiyo nina cha kuonyesha."

Aliniita mwanangu tangu siku hiyo. Nikimwambia shikamoo mama, anajibu, "Marahaba mwanangu, umekula?" Na mimi, kwa huu moyo wangu, nikawaza: huyu ananilainisha, huyu, kuna siku ataniomba jambo.

Wa pili alikuwa kaka mmoja kutoka Dar. Viatu vyeupe, manukato, mkono mwepesi kwenye kioo. Alikuwa akiniita dada kiongozi. Ajabu ni kwamba yeye sikumuuliza anataka nini. Fomu zake zilikuwa safi, hakuna swali lililorukwa, na kiongozi mvivu akiona fomu safi anaona amemwona mtu safi.

Tulipangiwa Kiongoroni, kijiji cha humo deltani. Nilikwenda nao siku ya kwanza. Boti ilitushusha maji yakiwa yamekupwa, nikazama topeni mpaka magotini, ndala moja ikabaki humo humo na sikuiona tena. Mbu sitawasimulia. Kesho yake maji yalipojaa nikarudi Nyamisati, gatini tulikopandia boti, nikawaambia nakaa huko kwa sababu ya mtandao na umeme. Ilikuwa kweli, lakini kulikuwa na lile tope pia. Wao wakabaki. Kijijini kulikuwa na kona moja tu inayoshika mtandao. Jioni walikuwa wakienda pale, wanatuma fomu, na mimi Nyamisati, miguu mikavu, nakunywa chai ya tangawizi na kuwaona kama nukta. Timu yangu ilikuwa nukta. Hilo ndilo kosa lenyewe, na mengine yote yalizaliwa humo, ila nilikuja kulijua baadaye.

Jioni ya tatu nikafungua ramani. Nukta za kaka zilikuwa kumi na nne, kila moja imekaa juu ya paa lake, zimepangika kijijini, raha kuziangalia. Nikatafuta za mama. Kijijini hakuna hata moja. Nikavuta ramani huku na huku, nikaziona: nukta kumi na mbili zimebanana mahali pamoja, ng'ambo ya mkondo, katikati ya kijani tupu. Hakuna paa. Hakuna njia. Kaya kumi na mbili katikati ya mikoko!

Lo! Nikamwona kabisa: amekaa kivulini ndani ya mtumbwi, kitambulisho shingoni, anajijibia maswali mwenyewe. Kaya ya kwanza ina chandarua, ya pili haina, ya tatu inachemsha maji. Ndiyo maana mwanangu, mwanangu! Nikajisifu kwamba nilimjua tangu mwanzo.

Sikumpigia yeye. Nilimpigia kaka.

"Dada kiongozi, mimi sipendi kumchoma mtu," akasema, na sauti yake ilionyesha anapenda. "Ila bi mkubwa asubuhi anapanda mtumbwi anapotea. Hapa kijijini haonekani. Anarudi jioni amechafuka, amechoka, sijui anatoka wapi."

"Mwangalie," nikamwambia. "Kila anachofanya uniambie."

Tazama nilivyokuwa kiongozi. Katika timu ya watu watatu, mmoja nimemfanya mpelelezi wa mwenzake. Siku zile mbili zilizofuata simu yangu haikupoa. Leo tena kaondoka, dada. Leo kabeba maji ya kunywa na mihogo, dada, kama anakwenda matembezi. Na nukta kila jioni zinaongezeka pale pale kwenye kijani. Nikaanza kukumbuka vitu ambavyo havikuwa na maana na kuvipa maana. Mbona siku ya mafunzo alikaa nyuma? Mbona alimchekea sana mwenye boti? Ukishamshuku mtu, hata anavyokohoa unaona ni ushahidi.

Mama mwenyewe alinipigia mara moja. Upepo ulikuwa mkali, sauti inakatika. "Mwanangu, kazi ya huku... kwa simu haielezeki... njoo uone mwenyewe, mwanangu, nitakusubiri—" Ikakatika. Mtu mwenye akili zake angepanda boti. Mimi nikasema nyoo, anataka nije anipikie kaa kwa nazi nisahau. Usiku huo kabla ya kulala nikamwandikia mratibu wetu ujumbe mrefu, kwamba kuna mtu anapika fomu na napendekeza aondolewe. Akajibu kwa ufupi: kiongozi ni wewe, ukiwa na uhakika chukua kitambulisho chake ukilete Ijumaa. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na ramani.

Mama alifika Nyamisati siku iliyofuata na boti ya mchana, kuja kuchaji betri. Gatini kulikuwa na watu kama kawaida: abiria wanaosubiri boti ya Mafia, akina mama wanaopara samaki, wapakiaji na magunia yao. Alinikuta nimesimama. Kanga imepanda juu, miguu ina tope lililokaukia mpaka mapajani, na sikujiuliza hata mara moja mtu aliyekaa kivulini ndani ya mtumbwi analitoa wapi tope la mapajani.

Sikumpa hata shikamoo. "Mama, nivulie hicho kitambulisho."

Akadhani natania. "Kwa nini, mwanangu?"

"Unajua mwenyewe."

Wale wanaopara samaki wakageuka, visu vikabaki hewani. Mama aliinua mikono kuuvua ule utepe, ukanasa kwenye ushungi, akahangaika nao, na mimi nimesimama tu nanyoosha mkono kama askari wa barabarani. Utepe ulipotoka, akachukua ncha ya kanga akaifuta ile nailoni, pande zote mbili, ndipo akanipa.

"Haya," akasema. "Ila wale wa ng'ambo nimewaahidi kesho nitarudi, wamebaki kaya sita. Usiwaache, watasema tumewadharau. Mwenye mtumbwi anapajua."

Hakuniuliza tena kosa lake ni nini. Akaondoka zake kwa mdogo wake anayeishi pale Nyamisati. Nikakitia kitambulisho mkobani, na nitasema kweli, nilijisikia mkubwa. Yaani ndiyo kwanza nilijiona kiongozi kamili.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kiongoroni mwenyewe, maana kazi ilikuwa imebaki bila mtu. Kaka wa Dar aliponiona nashuka kwenye boti, alishtuka. "Dada kiongozi! Mbona hujasema unakuja?" Namna alivyoliuliza lile swali ilinigusa pabaya. Mimi swali la aina hiyo nalijua tangu stendi. Kwa mara ya kwanza tabia yangu ikanifaa: nikamwambia abaki pale pale, nikafungua ramani nikazifuata nukta zake zile nzuri, kila moja na paa lake.

Paa la kwanza: mlango umefungwa kwa kamba ya mnazi. Jivu la jikoni limepoa siku nyingi, linaota majani. Paa la pili: kufuli, na kufuli lenyewe lina utando wa buibui. La tatu, la nne, kimya, hata kuku hamna. Na kwenye fomu zake nyumba hizi zote zilikuwa zimejibu! Ya kwanza ilikuwa na watu sita na vyandarua vitatu.

Paa la tano nikamkuta bibi mmoja amekaa kizingitini anasuka ukili. Nikamwamkia, nikamuuliza watu wamekwenda wapi.

"We binti umetoka wapi?" akanijibu. "Mpunga umetoa masuke, ndege wamekuja. Watu wote wako madunguni ng'ambo. Wamehama na watoto, na vyungu, na paka. Huku tumebaki sisi tusioweza kupanda ngazi."

"Na kaka mmoja wa viatu vyeupe hajafika hapa kukuuliza maswali?"

"Yule? Anakuja, anasimama mlangoni kwa watu, anagusagusa kioo chake, anaondoka. Nikajua anapiga picha milango." Akanitazama vizuri. "Kwani anataka milango?"

Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti chake. Si kwa ajili ya kaka. Kwa ajili ya lile neno, madunguni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa Umwe, Rufiji hii hii, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipelekwa kwake kila msimu wa mpunga. Nimelala dunguni mimi! Kibanda juu ya nguzo, ngazi ya miti, chini maji na vyura, juu mkeka na chandarua kilichofungwa kwa kamba pembe nne. Nimeamia ndege kwa kombeo na kupiga madebe mpaka sauti ikakauka. Najua kabisa kwamba msimu huo nyumba ya kijijini inabaki na mlango tu, na kaya yenyewe inahamia juu ya nguzo. Mtu wa mbali angekosea tungemsamehe. Mimi mjukuu wa Rufiji nimekaa na ramani iliyopigwa kutoka juu, nikatafuta mapaa ya bati, na makuti yasiyoonekana kwenye kijani nikayaita uongo. Astaghfirullah.

Mwenye mtumbwi alinivusha. Mkondo, kisha mkondo mwingine mwembamba, mikoko imetubana, kisha tukashuka tukatembea kwenye tope. Mara hii lilifika mapajani. Mikoko ikaisha ghafla na mpunga ukawa mbele yangu, na madungu yamesimama karibu karibu katikati ya shamba, moshi unatoka. Nikatazama kishikwambi. Nukta yangu ilikuwa imesimama katikati ya zile kumi na mbili za kwanza.

Mama mmoja alichungulia kutoka juu, debe mkononi. "Yule mama yuko wapi? Aliahidi leo."

Nikasema nimekuja badala yake. Nikauliza kama kweli alifika na kuwauliza. Wakacheka. Walinihesabia: alipanda kila ngazi, akakaa juu, akauliza huku anawasaidia kuamia, swali moja, debe, swali lingine, debe. Hakukubali mtu amjibie mwenzake. Dungu lile la pembeni lilikuwa na mtoto mwenye homa, akamwandikia mama yake karatasi ya zahanati na kumsindikiza mpaka kwenye mtumbwi.

Nikafungua fomu ya kwanza kati ya zile sita. "Jina la mkuu wa kaya?"

Yule mwenye debe aliliweka debe chini. Alinitazama nilivyosimama na kishikwambi changu. "Ni wewe uliyemvua kitambulisho gatini?"

Habari ilikuwa imeshavuka maji kabla yangu. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Basi atakuja yeye, tutamjibu."

Akageuka akapiga debe lake. Kwenye madungu mengine pia wakageuka. Nilisimama topeni muda mrefu, jamani, na hakuna aliyeniambia panda juu. Huku kwetu mtu asikwambie panda juu, ni sawa na kukufukuza!

Kaka wa Dar sikupoteza naye maneno mengi. Nilipomuuliza, akasema, "Dada, mwongozo unasema fika kwenye nyumba. Nyumba nimezifikia." Aliondolewa wiki ile ile. Ningefurahi kumwekea yeye lawama zote, lakini yeye alidanganya fomu tu. Aliyemwamini ni mimi, kwa sababu aliniletea nilichokuwa nataka kusikia.

Jioni nikarudi Nyamisati, nikaenda kwa mdogo wake mama. Nilimwomba tuingie chumbani. Nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikalia, nikasema yote: ramani, upelelezi, ujumbe kwa mratibu. Nikampa kitambulisho chake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Mimi si mtu wa kuweka moyoni." Akakichukua. Hakukivaa. Alikikunja na utepe wake akakitia kwenye pochi, akaifunga zipu. "Kesho maji yanajaa saa ngapi, bosi?"

Bosi. Nilidhani amepitiwa.

Alimaliza zile kaya sita, akamaliza na za yule kaka zote, dungu kwa dungu. Kazi yake ilikuwa nzuri kama zamani, ila sasa kila fomu ilikuja na picha ya dungu, na kila jioni karatasi yenye saini ya shahidi. Sikuwahi kumwomba hivyo. Nikimwambia shikamoo mama, anajibu, "Marahaba, bosi." Haniulizi kama nimekula. Adabu kamili, tabasamu kamili, na mlango umefungwa kwa kamba. Nilijaribu vyote. Nilimpelekea kanga, akanishukuru, bosi. Alipofiwa na kaka yake nilikwenda Ngorongo nikakaa jikoni siku tatu na wenzangu nikiosha masufuria, akanishukuru mbele ya ndugu zake: huyu ni bosi wangu wa kazini, amefanya jambo kubwa.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokosea mara ya pili. Nilimvunjia heshima gatini, mbele ya wapara samaki na abiria wa Mafia, kisha radhi nikaenda kumwomba chumbani mlango umefungwa. Wale waliomwona anavuliwa hawakumwona akirudishiwa. Mpaka leo labda wapo Mafia huko wanaosema kulikuwa na mama mmoja mwizi Nyamisati.

Basi juzi ukumbini Kibiti nilikuwa nimepanga niseme. Mama sasa ni kiongozi wa timu, alikuwa amekaa safu ya pili, miwani puani, daftari mapajani, pembeni yake binti mmoja mgeni kabisa kwenye kazi hii. Nilijua ndiyo nafasi yangu: watu wengi, mchana kweupe. Nikafungua mdomo. Na uoga ukanishika, nikasema, "Kuna kiongozi mmoja namfahamu."

Nikasimulia yote: nukta, mikoko, madungu, kitambulisho. Kiongozi mmoja, kiongozi mmoja. Mama hakuinua kichwa, kalamu yake inaandika tu. Nilipomaliza, yule binti akanyoosha mkono.

"Na yule mama, alimsamehe?"

"Alimsamehe," nikasema. Nikageukia ubao nijifanye nafuta.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama, ya chini, ile ile ya siku ya kwanza, "Mwanangu."

Niligeuka haraka mpaka kifutio kikanidondoka. Alikuwa amemwinamia yule binti, kidole kimegusa daftari lake, anamwonyesha mahali pa kuandika.